UZI: Kabati la mbegu ndani ya maktaba, hapa Tanga. Tufanyeje zisioze?

Mwana_Ngamiani (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Mjini hapa wanaolima nyuma ya nyumba ni wengi. Makorora, Mabawa, Mikanjuni, Duga, hukosi ua wenye matuta mawili ya mchicha na ndoo tatu za bamia. Mbegu zinanunuliwa kwa pakiti, inapandwa robo, zilizobaki zinawekwa juu ya friji mpaka msimu ujao. Zikipandwa hazioti.

Wazo lililopo ni kuiomba maktaba ya mkoa, ile ya King George VI, itenge kabati moja. Mtu anachukua mbegu, analima, akivuna anarudisha kiasi. Mwenzetu mmoja anataka pia kuleta sampuli za udongo humo ndani. Kwingine jambo hili lipo: huko Richmond, California, lilianza ndani ya maktaba ya umma mwaka 2010. Hamasa tunazo za kutosha, kwa hiyo naomba wenye ujuzi waseme vipimo, na waseme ni wapi mambo huharibikia.

KadiNaRafu

Kwanza mliite kwa jina lake. Kuazima ni kuchukua kitu na kukirudisha chenyewe: kitabu, ungo, baiskeli. Mbegu ukishaifukia hairudi yenyewe, inarudi nyingine. Hiyo ni kukopa, kama mtu anavyokopa kibaba cha mchele kwa jirani. Tofauti ina maana kazini. Fomu ikiandikwa "kuazima", mtu ambaye bamia zake zimeliwa na mbuzi anahesabiwa kama aliyepoteza kitabu, anaogopa faini, na hakanyagi tena pale. Andikeni mkopo usio na faini na usio na tarehe ya mwisho.

La pili, kitu ambacho maktaba inakijua kuliko duka lolote la pembejeo ni kumbukumbu. Mbegu isiyo na kumbukumbu ni taka. Kila furushi linaloingia lipewe namba ya usajili kama kitabu kipya, tuseme 014 kisha mwaka. Kwenye kadi yake yaandikwe zao, jina la kienyeji la aina hiyo, mtaa au kijiji ilikovunwa, tarehe ya kuvuna, na mbegu zimetoka kwenye mimea mama mingapi. Hilo la mwisho watu hulidharau. Nyanya inajichavusha yenyewe, kwa hiyo mimea 5 au 6 inatosha. Mchicha huchavushwa na upepo. Ukichukua mbegu za shina moja tu, baada ya vizazi vichache aina inadhoofu. Kwa mchicha idadi isipungue 20.

Mbegu za furushi moja zisichanganywe na za furushi jingine, hata kama zote ni kunde na zote ni nyekundu. Ukichanganya, siku moja zikigoma kuota hujui umwulize nani.

Na rafu ya vitabu iwe karibu na kabati. Kwa wasiojua mpangilio wa namba: mbinu za kilimo ziko 631, magonjwa na wadudu 632, miti ya matunda 634, mboga na bustani 635. Mkulima akishajua 632 na 635 haulizi tena kaunta.

BibiShamba_Pongwe

Mdogo wangu Mwana_Ngamiani, swali lako la "tufanyeje zisioze" ndilo zito kuliko yote, na juu ya friji ndipo mahali pabaya kuliko pote: nyuma ya friji kuna joto, na hewa ya hapa ina unyevu.

Iko kanuni ya zamani ya wahifadhi mbegu. Chukua joto la chumba kwa Farenhaiti, jumlisha na asilimia ya unyevu wa hewa. Jumla isizidi 100. Sasa fanya hesabu ya Tanga: nyuzi 30 za Selsiasi ni 86 za Farenhaiti, unyevu weka 80. Jumla 166. Ndiyo maana pakiti iliyofunguliwa Machi haifiki salama vuli. Kanuni nyingine inasema kila ukipunguza asilimia 1 ya maji yaliyomo ndani ya mbegu, umri wake ghalani unakaribia kuongezeka mara mbili. Joto la Tanga hulimudu bila umeme wa uhakika, lakini unyevu unaumudu, kwa hiyo nguvu ziende huko.

Anika mbegu kivulini penye upepo, juu ya ungo au kitambaa. Juani zinaungua, na kwenye bati ndiyo kabisa. Siku 4 au 5 zinatosha kwa mbegu ndogo. Ila kwa hewa ya pwani kuanika peke yake kuna kikomo: mbegu itakauka mpaka ilingane na hewa, kisha itasimama hapo. Kuivusha hapo kunataka kikaushio.

Kikaushio kizuri ni chengachenga za silika, zile zinazobadilika rangi zikishiba maji. Chagueni za rangi ya chungwa. Za bluu zina kemikali ya kobalti, haifai mahali wanapopita watoto. Uzito wa silika ulingane na uzito wa mbegu, ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, siku 7. Zikibadilika rangi zipashwe moto kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2 au 3, zinarudi kazini.

Silika ikikosekana, tumieni mchele. Ukaangeni kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo, mnakoroga, dakika 40 hivi mpaka uwe kahawia. Utieni kwenye chupa ungali wa moto, fungeni, uache upoe humo humo. Ukishapoa kabisa ndipo mfuko mdogo wa kitambaa wenye mbegu uingie, mchele uwe mara mbili ya mbegu kwa ujazo, wiki 2. Mchele wa moto ukikutana na mbegu umezipika. Na mchele uliopoea sufuriani wazi umeshakunywa unyevu wa jikoni, kwa hiyo mmekaanga bure.

Mtajuaje zimekauka? Kunde ing'ateni: ikibonyea bado, ikivunjika kwa mlio tayari. Ya boga ikunjeni: ikipinda bado, ikikatika tayari. Kipo pia kipimo cha chumvi kwa mbegu za aina yoyote. Tieni chumvi kavu iliyookwa na mbegu kidogo kwenye chupa kavu, tikiseni, ziacheni dakika 10 mpaka 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mbegu zimezidi asilimia 15 ya maji, zirudi kuanikwa. Ila chumvi kutoganda haina maana kuwa zimefika pa kuhifadhiwa. Imewavusha hatua ya kwanza tu, kikaushio bado kinahitajika. Na mbegu zilizopimwa kwa chumvi msizirudishe kwenye akiba.

Mlinzi_wa_Rafu

Samahani, mie nasimama upande wa vitabu. Mnaleta nafaka ndani ya jengo lenye karatasi. Mmewafikiria panya? Fukusi je? Panya akishazoea kunde, gundi ya jalada anaila kama kitoweo. Na huyu anayetaka kuleta "sampuli za udongo" ndani, kuna mchwa.

BibiShamba_Pongwe

Una haki kaka, na hapo ndipo miradi ya namna hii inapogombana na wenye nyumba.

Chochote cha jamii ya kunde (kunde, choroko, mbaazi, fiwi) mkichukulie kuwa kina fukusi hata kama kinameremeta. Fukusi wa kunde huanza kutaga tangu shambani, kwenye maganda. Mbegu inaingia chupani haina tundu hata moja, wiki 3 au 4 baadaye unakuta vitobo vya duara na wadudu wanatembea. Dawa yake ni friza: nyuzi 18 chini ya sifuri, siku 7. Masharti ni mawili na yote hukosewa. Mbegu ziwe zimekauka vizuri kabla ya kuingia, kwa sababu zenye maji zinapasuka ndani na kufa. Na chupa ikitolewa isifunguliwe mpaka kesho yake, ipate joto la chumba ikiwa imefungwa. Ukifungua ya baridi, hewa ya Tanga inageuka matone juu ya mbegu, na kazi ya wiki 2 imekwenda.

Friza hiyo si lazima iwe ya maktaba. Mwanachama mmoja mwenye friza la kuuzia barafu anatosha. Sheria ya mlangoni iwe moja: hakuna mbegu inayoingia jengoni ambayo haijapita hatua hiyo, na hakuna inayokaa kwenye bahasha tupu. Bahasha za khaki za kugawia sawa, lakini bahasha nazo zilale ndani ya chupa za kioo. Plastiki laini panya anatoboa usiku mmoja.

Udongo nakuunga mkono, ubaki nje. Nitarudi kwenye udongo.

Kijana_wa_Duga

Mie nina mbegu za nyanya za F1 nimezikamua mwenyewe, nene, zinaota zote. Nilete?

BibiShamba_Pongwe

Hapana mwanangu. Kuota zitaota. Ila F1 ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na watoto wake yeye wanatawanyika: mmoja mfupi, mmoja mrefu, mmoja tunda dogo, mwingine hana tena ule ukinzani wa ugonjwa ulioulipia dukani. Atakayekopa atalaumu maktaba.

Kabati lianze na mazao yanayojichavusha: nyanya za asili, kunde, choroko, fiwi. Wa pili wawe mchicha, bamia, nyanya chungu na pilipili, ambazo wadudu au upepo huzichanganya kidogo au sana, basi mwenye kuvuna mbegu asiwe na aina mbili uani. Mchicha wa mbegu ukae mbali na mchicha pori. Maboga na matikiti yasubiri. Nyuki anatembea mbali, na nyua za Ngamiani zimebanana. Boga lako litazaa na boga la mtaa wa pili bila wewe kujua. Mahindi msikubali kabisa.

Nyanya kwa namna yake: kamua mbegu na maji yake kwenye bilauri, acha zichachuke. Vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi za baridi, vinasema siku 3 mpaka 5. Kwa joto letu saa 36 mpaka 48 zinatosha. Ukizidisha, ule utando unaozuia kuota umeshayeyuka na mbegu zinaanza kuchipua humo humo. Zioshe, zinazoelea zimwage, zilizozama zianike juu ya sahani. Kwenye karatasi laini zitang'ang'ania.

FundiBomba

Na vipando? Mihogo, matembele? Nyua nyingi kisamvu ndiyo mboga yenyewe.

BwanaShamba_Muheza

Mihogo hapana, na Tanga kuliko kwingine kote tunapaswa kujua kwa nini. Ugonjwa wa michirizi kahawia wa mihogo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, hapo juu Usambara. Ulikuwa kwetu kabla haujapata jina. Ubaya wake ni kwamba shina linaweza kuonekana zima, majani yana umanjano kidogo tu, na chini mizizi imeoza kwa mabaka makavu ya kahawia. Kipande cha shina kinabeba virusi. Maktaba ikigawa vipando inagawa ugonjwa kwa stakabadhi.

Matembele pia yanabeba virusi, ila kupeana kwa jirani aliyeona shamba kwa macho si vibaya. Maktaba iweke tu orodha ya nani analo, na watu wafuatane wenyewe.

Kuhusu sheria, maana lazima mtu aulize: Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inasimamia mbegu zinazouzwa, na msimamizi ni TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kwa hiyo shilingi isipite kabatini, hata ile ya "kuchangia bahasha". Atakayetaka kuuza afuate njia ya mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, yaani mkulima mwenyewe anatangaza ubora wa mbegu zake, apande kwa masharti na akaguliwe. Barua ya kumjulisha afisa kilimo wa jiji iende mapema. Mwaka 2014 huko Pennsylvania, Marekani, idara ya kilimo ya jimbo iliiambia maktaba moja ya umma kuwa kabati lake lazima lifuate sheria ya mbegu, mradi ukiwa umeshaanza. Ni afadhali uulize wewe kuliko kuulizwa.

KadiNaRafu

Nimependa "kuazimiwa". Mtu asije akadhani ni mbegu za kuazimwa.

Mwana_Ngamiani

Haya, zimekauka, zimesajiliwa. Kabla ya kugawa nitajuaje zinaota?

BwanaShamba_Muheza

Maabara hutumia mbegu 400. Ninyi tumieni 50. Lowesha kitambaa cha pamba, kamua mpaka kisidondoke, panga mbegu kwa mistari 5 ya 10, kunja, weka kwenye sahani na funika na nyingine. Kagua kila siku na uinyunyizie ikikauka. Mchicha hesabu siku ya 7, kunde siku ya 7, nyanya siku ya 10, pilipili na biringanya mpe siku 14. Bamia iloweke kwanza usiku mmoja, ganda lake gumu. Hesabu zenye mzizi na chipukizi zima. Iliyotoa mzizi uliopinda mweusi usiihesabu. Zikiota 40 kati ya 50, andika asilimia 80 kwenye kadi pamoja na tarehe. Chini ya asilimia 60, msigawe. Mwenye nazo azipande zote mwenyewe kwa wingi na kuvuna upya. Jaribio lirudiwe kila kabla ya masika na kabla ya vuli.

(Tusidharau wachache waliopona lakini. Mkonge wa Tanga ulianza 1893 kwa vichipukizi 1,000 alivyoagiza Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kutoka Florida. Vilivyofika hai ni 62.)

Kiasi cha kukopesha: mchicha gramu 2, unatosha tuta la mita 1 kwa 2 au 3 la kung'oa. Nyanya mbegu 30, bamia 40, kunde 60. Ukimpa mtu kikombe kizima ataweka juu ya friji.

Na wafundisheni wakati. Mbegu ikikomaa katikati ya mvua inaota ikiwa bado gandani au inaota ukungu. Kunde ya kula panda utakapo. Kunde ya mbegu panda masika yanapoelekea ukingoni, ikauke Julai na Agosti. Bamia achia maganda 2 au 3 ya chini mpaka yawe kahawia na yaanze kupasuka.

Mlinzi_wa_Rafu

Nimelegea kidogo. Nje ya mbegu, maktaba inaweza kufanya nini kisicholeta panya?

BwanaShamba_Muheza

Bilauri ya maji. Sitanii. Nyanya au biringanya ikinyauka ghafla ingali kijani, mkulima hajui kama ni kiu, ukungu au mnyauko bakteria, anakwenda dukani anauziwa dawa ya ukungu. Akate kipande cha shina, sentimita 5 hivi juu ya udongo. Kining'inize ndani ya bilauri safi yenye maji maangavu, ncha ya chini iguse maji tu, bila kutikisa, mbele ya kitu cheusi. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Ang'oe, achome, na hapo asipande nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo misimu kadhaa. Bilauri moja, karatasi nyeusi na ukurasa mmoja wa maelezo ukutani. Shina lije ndani ya mfuko uliofungwa, na maji yamwagwe chooni, mbali na bustani.

Kitu cha pili ni daftari la picha lenye majina tunayoyatumia sisi. Kitabu kinasema *Tuta absoluta*, mkulima anasema kantangaze, na ni mdudu yule yule wa nyanya. Picha iwe na majina yote mawili, iwe na picha ya juu ya jani na ya chini, kwa sababu utitiri mwekundu na nzi weupe wanakaa chini na watu wanapiga picha ya juu.

BibiShamba_Pongwe

Narudi kwenye udongo na maji, kwa ufupi.

Maktaba inunue kipima chumvi cha maji, kile kama kalamu, kisome EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba inapanda. Hiki kiazimwe kweli kweli, KadiNaRafu atafurahi. Visima vya karibu na bahari vina chumvi na watu wanalaumu mbolea. Maharage yanaanza kupungua mavuno maji yakizidi 0.7, pilipili 1.0, nyanya 1.7, kunde inavumilia mpaka 3.3 hivi. Namba hizo ni desisimensi kwa mita. Kipima kikisoma maikrosimensi, gawanya kwa 1,000. Kisuuzwe kwa maji safi kila baada ya kutumika, na kipimwe usahihi kwa maji yake maalumu, la sivyo baada ya miezi kinasema uongo kwa kujiamini.

Udongo wenyewe upimwe maabara. Kituo cha utafiti cha Mlingano hapo Muheza ndiyo kazi yao. Maktaba iazimishe ndoo ya plastiki na koleo dogo pamoja na maelezo: vituo 10 mpaka 15 kwa zigizaga, kina sentimita 20, changanya, punguza mpaka nusu kilo, kausha kivulini. Ndoo ya bati hapana, zinki yake inaingia kwenye majibu. Sampuli inatoka shambani inakwenda maabara, haipiti maktaba.

FundiBomba

Vifaa vya kuazima ongezeni mkasi wa kupogolea na toroli. Bomba la kupulizia msiazimishe. Mmoja ataweka dawa ya magugu, anayefuata atapulizia nyanya zake kwa bomba hilo hilo, na mabaki kidogo tu yanatosha kuzikunja majani.

Mwana_Ngamiani

Shukrani sana. La mwisho, lebo. Kalamu gani haifutiki kwa unyevu?

KadiNaRafu

Penseli. Wino wa peni unachuja, wa maka unafifia kwenye mwanga. Andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu, uitie ndani ya chupa pamoja na mbegu, maandishi yatazame nje. Lebo iliyobandikwa nje gundi yake huachia kwa joto, nawe unabaki na chupa saba za mbegu nyeusi ndogo, usijue mchicha upi.